Mafuta ya Magoti ya Bibi Tatu

Maneno yale niliyasikia kwenye foleni ya sukari, na kwa miezi mitatu hayakunitoka kichwani.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa sita, mwaka wa themanini na mbili. Nilisimama mbele ya duka la ushirika mtaani kwetu Kariakoo, kapu mkononi, nyuma ya Mama Fakhriya. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa, na habari za mtaa zilipita kwake kabla hazijawafikia wenyewe.

"Umesikia ya Mzee Tarsis?" akaniuliza.

"Yule fundi viatu? Ana nini?"

"Amepumzika."

Nikashika kifua. Mzee Tarsis nilikuwa nimemwona wiki mbili tu nyuma, sanduku la misumari begani, akikata uwanja wa Mnazi Mmoja kwenda mjini kama kijana.

"Kaugua nini?"

"Miguu, shoga yangu. Imemkatikia palepale Mnazi Mmoja, katikati ya watu. Kwani hujui? Magoti yana mafuta yake, na mafuta yale yana mgawo. Siku unayozaliwa unapimiwa kibaba chako, basi. Ukitembea sana uzeeni, kibaba kinakwisha. Goti likikauka, mtu hamalizi wiki." Akanitazama juu mpaka chini. "Na huyo mama mkwe wako, kila siku Jangwani na jembe? Watu wanakusema. Mimi simo."

Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakaguna. Mwaka ule kila kitu kilikuwa na mgawo: sukari, sabuni, sembe, mafuta ya kupikia. Nikajiambia, kwa nini magoti yasiwe na mgawo? Sikuuliza Mzee Tarsis amezikwa wapi. Sikuuliza matanga yalikuwa nyumba gani. Nilirudi nyumbani na sukari mkononi na hofu kifuani.

Mama mkwe wangu aliitwa Bibi Tatu. Alizaliwa Newala, na wakati ule alikuwa amepita miaka sabini. Baada ya masika, maji yalipoondoka bondeni Jangwani, alilima matuta yake ya mchicha huko. Alfajiri akisha kuswali alijifunga kanga kiunoni, akatia jembe begani, akashuka. Saa tatu alikuwa amerudi na mafungu ya mchicha kichwani, amenyooka kama mlingoti. Alipalilia huku amechuchumaa, akisogea kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho bila kuinuka, kisha akasimama bila kushika ardhi. Wapita njia walisimama kumtazama. Mtu mmoja alipomshauri awe na mkongojo, alimjibu, "Jina langu ni Tatu, miguu yangu ni miwili. Usinichanganyie hesabu."

Binti yangu Sabaha alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alilala kitanda kimoja na bibi yake, na shuleni ndiye aliyeongoza nyimbo za mchakamchaka asubuhi. Jioni ile nilimweleza habari za Mzee Tarsis. Macho yakamjaa machozi.

"Mama, tumpumzishe bibi."

"Atakubali?"

"Hatakubali."

"Basi lifiche jembe," nikamwambia.

Ndiyo, wanangu mnaosoma, ni mimi niliyesema hivyo. Sabaha akalifunga jembe kwa gunia, akalisukuma mvunguni mwa kitanda changu. Asubuhi bibi yake alipolitafuta, mtoto akasema, "Limeibwa, bibi. Nimemsikia mtu akiruka ukuta."

Bibi Tatu akamtazama machoni. "Mwizi wa ajabu huyo," akasema. "Aruke ukuta, aache masufuria, achukue jembe bovu?"

Jembe jipya halikupatikana madukani. Mume wangu, Uwesu, akamwendea fundi seremala mtaa wa Gerezani, akaagiza mama yake atengenezewe kiti cha uvivu, kile cha turubai cha kulalia. Tukakiweka ukumbini, mahali pa upepo. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, na wapangaji wote wakajitia kumtunza. Bibi akiinua mguu tu, sauti zinatoka kila mlango: "Kaa, bibi, kaa! Unataka nini? Nitakuletea!" Maji aliletewa, chakula aliletewa, hata kanga iliyomdondoka mapajani aliokotewa. Wageni wakanisifu: Mama Sabaha anajua kumweka mkwewe. Nikavimba kichwa.

Bibi mwenyewe alisema siku moja, "Mnanipumzisha nami ningali hai?" Tukacheka. Tulidhani ni mzaha.

Mwezi wa kwanza aliacha kusujudu, akawa anaswali amekaa. Mwezi wa pili alianza kushika ukuta akienda uani. Mwezi wa tatu hakuweza tena kuchuchumaa chooni mwenyewe. Ilibidi Sabaha amshike kwapani, amshushe, ageuze uso, amwinue. Mwanamke yule aliyekuwa amewaogesha watoto na wajukuu wote wa ukoo alitoka chooni ameinamisha kichwa, asitake kututazama.

Halafu ikaja siku ya kuanguka. Nilikuwa kwenye foleni ya sabuni, wapangaji wako makazini. Bibi alitaka kunawa, akajaribu kufika bombani peke yake. Sabaha aliporudi kutoka shule alimkuta amelala sakafuni uani, mikono imeshika kingo ya saruji. Hakuwa amevunjika popote.

"Bibi! Inuka, bibi!"

"Siwezi," akasema kwa sauti ndogo. "Sabaha, nimesahau namna ya kuinuka."

Uwesu alimwandikia barua kaka yake, Bushiri, aliyekuwa na mashamba ya korosho huko Newala. Jibu likaja, nikalisoma kwa sauti mbele ya mama yao: *Nyumba ya kupanga na choo cha kuchuchumaa havimfai mgonjwa. Nikimaliza korosho zangu, mwezi wa kwanza nitakuja kumchukua, kabla mvua hazijafunga barabara. Mtayarisheni.*

Bibi Tatu akageukia ukuta. "Rika langu lote kule wako makaburini," akasema. "Mnanipeleka nikakae na nani?"

Usiku ule Sabaha hakula. Asubuhi aliingia chumbani kwangu, akavuta gunia kutoka mvunguni, akalipeleka mpaka kwenye kiti cha uvivu. Akapiga magoti.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Jembe lako. Halikuibwa. Nilidanganya."

"Nani alikutuma?"

Sabaha akainama kulifungua gunia. Hakutaka kuniaibisha mbele ya mkwe wangu. Nikajiuliza, mtoto wangu atabeba mzigo wangu mpaka lini?

"Ni mimi, mama," nikasema. Nikamweleza yote: foleni, kibaba, Mzee Tarsis.

Mabega ya Bibi Tatu yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. "Eti mgawo! Hata magoti yangu mmeyapangisha foleni! Na mimi nalala na mwizi wangu kitanda kimoja, nampa na shuka!" Kisha akaacha kucheka, akamshika Sabaha kidevu. "Mjukuu wangu, uongo wa kunipenda umenikalisha kuliko uzee. Sasa nipeleke kwa mtu anayejua."

Tukamkodia mkokoteni. Wachukuzi wa sokoni walitupigia kelele njia nzima: "Oya, mzigo gani huo unaongea?" Naye aliwajibu, "Mzigo wa Newala, hauuzwi!"

Tulipoingia zahanati nilipiga ukelele, kapu likaniponyoka. Kwenye benchi alikuwa amekaa Mzee Tarsis, anakula karanga.

"Shikamoo, mzee. Wewe si... si uli..."

"Marahaba. Si nilifanya nini?"

"Tulisikia umepumzika!"

"Nimepumzika, ndiyo, kwa binti yangu Temeke, miezi mitatu. Kifundo cha mguu kiliteguka. Nimekuja kumwonyesha nesi kimepona."

"Na miguu iliyokukatikia Mnazi Mmoja?"

Mzee Tarsis akatazama chini kwa haya. "Mama, kilichokatika ni mkanda wa kandambili. Naomba usiwaambie wateja. Fundi viatu kuangushwa na kandambili yake, nani ataniletea kiatu tena?" Akatafuna karanga mbili, akaongeza, "Kwa hiyo nilikufa? Mbona hamkuleta rambirambi?"

Watu wote bencheni walicheka isipokuwa mimi. Miezi mitatu ya mtu kukalishwa, kwa sababu ya neno moja na mkanda wa kandambili.

Nesi aliyetupokea aliitwa Elisaria, mama mnene mwenye sauti ya ukali. Alimpima Bibi presha, akamgusa magoti, nyonga na nyayo. Akamwekea kiganja kwenye unyayo, akamwambia asukume. Mguu ukatetemeka.

"Nani amemfunga huyu?" akauliza.

"Hajafungwa, nesi. Tumemtunza," nikasema.

"Mmemfunga kwa kiti. Ugonjwa sioni. Naona misuli iliyolala." Akamgeukia Bibi. "Bibi, mwili haukai na akiba usiyoitumia. Lakini hata katika umri wako misuli ikiitwa inaitika. Itaitika polepole. Una haraka?"

"Nina muda mpaka mwezi wa kwanza," Bibi akasema. "Mwanangu anakuja kunichukua. Nataka akinikuta niwe nimesimama."

"Basi tuanze leo. Na hatuanzi na jembe. Inuka kitini bila kushika kitu. Huwezi? Tutaweka mto chini yako ili kiti kiwe juu. Ukiweza, tutautoa mto. Kila kitu usichoweza, tutakibadilisha mpaka ukiweze."

Akamwandikia Sabaha kwenye daftari la shule. Kuinuka na kukaa mara tano, asubuhi na jioni. Kushika mwimo wa mlango na kupanda juu ya vidole vya miguu. Kutembea ukumbini mkono ukigusa ukuta, na mtu karibu. Kifua kikiuma, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikata, kuacha mara moja na kuja zahanati.

Siku ya kwanza Bibi aliinuka mara mbili, akatoka jasho kama aliyepakua gunia la mkaa. Siku ya nne, mara tatu. Mimi nilisimama nyuma yake mikono tayari, na kila saa neno "kaa" lilinijia ulimini. Nililimeza kama dawa chungu.

Sabaha alipoona bibi yake anachoka kuhesabu, alimtungia mchakamchaka wake.

"Goti!" anaita mtoto.

"Langu!" anajibu Bibi, anainuka.

"Kiti!"

"Chako!"

Wapangaji wakatoka kutazama. Mwanzoni walicheka. Wiki ya tatu walikuwa wanaitikia kutoka vyumbani mwao, na mzee mmoja wa chumba cha nyuma akatoka na kiti chake, akaanza kuinuka naye.

Kuchuchumaa ndiko kulikotushinda. Akishuka nusu, anaanguka kwa nyuma. Hapo Bibi mwenyewe alipata maarifa. Alikaa kwanza juu ya kinu kilichopinduliwa, akainuka. Alipokiweza kinu akahamia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ambayo ni fupi zaidi. Mwezi mzima nazi za nyumba nzima alikuna yeye. Kila chumba kilileta nazi yake, na kwa kila nazi alikaa chini na kuinuka. Kisha akaiacha mbuzi, akashuka kwenye tofali. Siku moja mwezi wa kumi na moja, Sabaha alimfuata chooni kama kawaida, akasikia ndani, "Rudi. Sikuhitaji." Mtoto akaja mbio kuniambia, na sote wawili tukasimama uani tumeshikana mikono, tukisikiliza. Mlango ukafunguka. Bibi Tatu akatoka peke yake, kichwa juu.

Sikujua mwili wa binadamu una siri kama hiyo. Nilikuwa nimezaa watoto watatu, na sikujua.

Mwezi wa kumi na mbili alianza kufika Mnazi Mmoja na kurudi. Mwisho wa mwezi alishuka Jangwani. Hakulima matuta yake yote. Alichukua mawili tu, akampa jirani yaliyobaki. Akakata mpini wa jembe uwe mwepesi, na maji akawa anabeba kwa makopo mawili madogo, mkono huu na huu, badala ya ndoo kichwani. "Kazi ni ileile," alisema. "Mimi ndiye nimebadilika, basi nayo ibadilike kidogo inifuate."

Bushiri alifika tarehe nane, mwezi wa kwanza, na mkeka mpya wa kumlazia mama yake kwenye basi. Uwesu alikuwa kazini. Bushiri alikuta ukumbi mtupu na kiti cha uvivu kimekunjwa ukutani.

"Shemeji, mama yuko wapi?" Uso ulikuwa umempauka. "Msinifiche. Nimechelewa?"

"Hapana, shemeji. Yuko Jangwani."

"Mmemzika Jangwani?"

Sabaha alicheka mpaka akakaa chini. "Baba mkubwa, yuko na mchicha wake! Njoo nikupeleke."

Tukashuka sote. Bushiri alikuwa mtu wa miaka hamsini na kidogo, mwenye kitambi, na toka bei ya korosho ilipopanda aliajiri watu wa kumfanyia kila kitu. Mteremko wa bondeni aliushuka kwa kuguna. Tulipofika ukingoni akasimama. Chini yetu, katikati ya kijani kile, mama yake alikuwa amechuchumaa, anapalilia, anasogea polepole. Hakutuona. Alifika mwisho wa tuta, akaweka viganja juu ya mapaja, akavuta pumzi, akasimama. Hakushika ardhi. Hakushika mtu.

"Laa ilaaha illallah," Bushiri akasema. Akakaa palepale kwenye majani.

Bibi akageuka. "Nani huyo? Bushiri? Mbona umekaa kwenye umande? Inuka usalimie!"

Bushiri akajaribu. Akajisukuma kwa mkono wa kulia, akarudi chini. Akageuka upande wa kushoto. Akapiga magoti, mgongo ukamkamata. "Mama, subiri," akasema, jasho linamtoka. "Subiri kidogo."

Bibi Tatu akaacha palizi yake, akapanda ule ukingo hatua kwa hatua, akamnyooshea mwanawe mkono. Akapanua miguu, akamvuta. Bushiri akasimama. Wakabaki wameshikana mikono, mtoto analia waziwazi, na hakuna aliyesema habari za basi.

Kesho yake tulikwenda zahanati, na mgonjwa alikuwa Bushiri. Nesi Elisaria alimaliza kumpima, akatutazama sote, kisha akamwambia Sabaha, "Wewe ndiye mdogo hapa, kwa hiyo utakumbuka kwa miaka mingi zaidi. Heshima kwa mzee si kumkalisha. Mwili wa mzee ni kama njia ya porini, isipopitwa inaota majani. Mwache apite, nenda naye, na akishindwa njia hii mtafutieni nyingine. Na ukisikia habari ya kutisha, muulize mwenyewe kabla hujalificha jembe."

"Nimesikia, nesi," Sabaha akasema.

"Na wewe mama yake?"

"Nimesikia, nesi," nikasema mimi.

Nimeandika haya ili mwingine asifanye nilichofanya. Ya kuepuka ni haya:

Msimwambie mzee "kaa" kila anapoinuka.

Msimpokonye kazi anayoiweza. Ikiwa nzito, ipunguzeni, au badilisheni namna ya kuifanya.

Msimwache kitini kutwa nzima, hata kama kiti ni kizuri.

Msimwanzishe mazoezi kwa pupa, wala msimwache peke yake siku za mwanzo.

Msimlazimishe akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata. Mpelekeni zahanati.

Msivae kandambili iliyokatika, wala msimwage maji ya sabuni mahali wazee wanapopita.

Msidanganye kwa kisingizio cha mapenzi, hata mkitumwa na mama yenu.

Msipokee habari ya kifo kabla ya kuuliza matanga yako wapi.

Na msingoje mzee aanguke ndipo mumuulize anataka nini.